Ikulu au Kanisa Kuu? Safari ya Siku Moja Kutoka Bariadi



Naandika kutoka Bariadi, katika nchi ya Ntuzu. Mara nyingi nimesoma katika jarida letu habari za safari za mbali, za Roma na za Nchi Takatifu, nami nikafurahi kama kwamba nimefika huko mwenyewe. Leo naomba nafasi nieleze safari fupi ya siku moja, ambayo jamaa yoyote ya Simiyu yenye nauli ya basi na chakula cha kufunga yaweza kuifanya. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Lililokuwa refu ni shauri la kuchagua njia.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, nasi tulikuwa tumekwisha kuuza pamba. Jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mwaka huu shamba limetulipa. Si vema fedha yote iishe katika mabati. Tuwatoe watoto siku moja wakaone jambo lisilopatikana hapa. Naye Mama tumchukue, kwa maana miguu yake haitatungoja mwaka mwingine." Mama aliyemtaja ni mama yangu mzazi, ambaye umri wake wapata miaka 86, naye akaa nasi tangu baba yangu alipofariki. Neno hili likanipendeza sana. Lakini tulipoulizana twende wapi, hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika sehemu mbili.

Wasomaji wasioijua nchi yetu wafahamu ya kuwa Bariadi ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitolewa katika Mkoa wa Shinyanga, na upande wa Busega ukatolewa Mwanza. Barabara yetu kuu ni moja, yenye lami, nayo yatoka Mwigumbi kusini hata Lamadi kaskazini. Kutoka Mwigumbi mpaka Maswa ni kilometa 50.3, kutoka Maswa mpaka Bariadi ni kilometa 49.7, kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni kilometa 71.8. Basi, mtu asimamaye kituoni Bariadi hana budi kugeuza uso wake kusini au kaskazini. Kwa siku moja, na mama mzee mkononi, hawezi kwenda pande zote mbili.

Akigeuka kusini, apita Maswa, afika Mwigumbi, na kutoka hapo mji wa Shinyanga hauko mbali. Huko Ngokolo liko Kanisa Kuu la Mama mwenye Huruma. Binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa akijitayarisha kupokea Kipaimara, alitaka twende huko. "Baba," akasema, "tumefundishwa ya kuwa kanisa kuu ni mama wa makanisa yote ya jimbo. Je, mtoto asimwone mama yake?" Naye alikuwa na haki, kwa maana habari za jimbo lile zimeanzia kwetu. Kabla ya mwaka 1956 liliitwa kwa jina la Maswa, wala si Shinyanga. Mwaka ule wa 1956 ndipo lilipoitwa Jimbo la Shinyanga, na Askofu wake wa kwanza akawa Edward McGurkin, wa shirika la Maryknoll la Marekani. Hivyo mtoto wa Simiyu aendaye Ngokolo haendi ugenini; aenda nyumbani kwa mama aliyehama.

Akigeuka kaskazini, afika Lamadi, ashika njia kuu itokayo Musoma kwenda Mwanza, na kabla ya kuingia mjini Mwanza afika Kisesa. Karibu na Kisesa kiko kilima cha Bujora, na juu yake iko nyumba ya kumbukumbu ya Wasukuma, iliyofunguliwa mwaka 1968 kwa kazi ya wazee wa Kisukuma pamoja na Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec katika Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Hapo zimekusanywa ngoma za watemi na vyombo vya utawala wao, katika jengo ambalo watu huliita la kifalme. Mwanangu wa kiume alisikia habari hizo shuleni. Yeye alitaka ikulu, wala hakutaka kingine.

Nilipolifikiri jambo hili usiku, niliona ya kuwa maneno haya mawili, ikulu na kanisa kuu, ni ndugu. Neno ikulu, ambalo leo Watanzania wote hulitumia kwa nyumba ya Rais, limetoka katika lugha zetu, Kisukuma na Kinyamwezi, na maana yake ni makao ya mtemi. Ndani yake mna ukubwa ule ule tuutajao tusemapo kanisa kuu. Tena kanisa kuu haliitwi kuu kwa sababu ya urefu wa mnara wake. Laweza kuwa dogo kuliko kanisa la parokia fulani, lakini ni kuu kwa kuwa ndani yake kimewekwa kiti cha Askofu, ambacho kwa Kiyunani chaitwa kathedra. Mtemi naye alikuwa na kiti chake cha utawala, wala mtu mwingine hakukikalia. Hivyo tulikuwa twachagua kati ya viti viwili.

Wako watu ambao hawana haja ya kuchagua. Aliyeko Unguja aweza kwa miguu yake, asubuhi moja, kuyaona majumba ya masultani yaliyo pwani, kisha kwenda Mkunazini kuliona kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Na huko Kampala, kanisa kuu la Rubaga limesimama juu ya kilima ambacho zamani kilikuwa na ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kwao ikulu na kanisa kuu ni majirani. Kwetu zimetengwa na mwendo wa siku.

Kesho yake jioni katekista wetu akaja kutuamkia, nami nikampa habari za shauri letu. Akanyamaza kidogo, akaweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, mimi nisingemchukua bibi mzee kwenda kutazama ngoma za watemi. Mtu aliye karibu na mlango wa mbinguni aonyeshwe nyumba ya Mungu, si vitu alivyokwisha kuviacha. Tena wakatekumeni wa kigango chetu watasema nini? Jana tumewafundisha kuacha hirizi na matambiko. Kesho mwalimu wao apanda basi kwenda kuvitazama!"

Msicheke, wasomaji. Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu. Kila mzee wa Kisukuma ajua ya kuwa mtemi hakuwa mtawala tu wa kutoza kodi na kuamua kesi, ingawa Wadachi na Waingereza walimtumia hivyo. Mtemi alikuwa mwenye mvua. Mvua ikikosekana, watu walimtazama yeye. Na ukame ukizidi, aliweza kuondolewa katika kiti chake. Wazee waliomchagua waliitwa banang'oma, na jina lao lenyewe limebeba neno ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyokuwa alama ya utawala wote. Kwa hiyo ngoma ya mtemi haikuwa ya kuchezea harusi. Palikuwa na dawa, palikuwa na miiko, palikuwa na mambo ambayo mtu aliyebatizwa hakuweza kuyashiriki. Nilimsikiliza katekista, nikawa karibu kusema, "Haya, twende Ngokolo."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, akichambua choroko katika ungo, wala hatukudhani ya kuwa atusikiliza. Akaweka ungo chini, akanena:

"Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa mtemi. Hamkuijua habari hiyo, kwa sababu sikuwaambia. Nilipobatizwa nilikuwa na miaka 18. Niliambiwa nisikanyage tena pale inapolia ngoma ile, nami nikatii. Baba akaniambia, 'Kama huwezi kuja ngoma ikilia, usije ikinyamaza.' Nikakaa miaka mingi. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulipofutwa, ngoma ikanyamaza. Nikasema moyoni, sasa nitakwenda. Lakini nikaona haya. Masika ya mwaka uliofuata akafa, nami nilifika wakati wa kuzika. Sikumwuliza hata neno moja juu ya kazi ya maisha yake. Simtaki mtemi arudi, wala sitaki kutambika. Nimekula Mwili wa Bwana miaka hii yote, nitakwenda kufanya nini kwenye dawa? Nataka kukiona kitu alichokishika baba yangu, nikitazame bila kugeuza uso. Kisha mnipeleke mnakotaka."

Hakuna aliyejibu. Hata watoto walinyamaza. Mimi nina miaka 58, nami nilikuwa sijapata kusikia hata siku moja kwamba babu yangu alikuwa mpiga ngoma. Katekista akainamisha kichwa, akasema polepole, "Mama, nisamehe. Sikujua." Kisha, baada ya kitambo, akaniuliza kama katika safari hiyo nafasi ya mtu mmoja zaidi itapatikana. Binti yangu alilia kidogo. Lakini ndiye aliyekwenda kumfulia bibi yake kanga za safari. Nikamwahidi ya kuwa katika Juma Kuu nitampeleka Ngokolo mimi mwenyewe, kwa Misa ya kubariki mafuta, apate kumwona Askofu katika kiti chake, na mapadre wote wa jimbo wamemzunguka. Kanisa kuu likiwa vile, ndipo lionekanapo ukuu wake.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, giza halijatoka. Tulikuwa watu saba: Mama, mke wangu, watoto watatu, katekista na mimi. Tulifunga viazi vitamu, mayai na maji ya kunywa. Kutoka Bariadi kwenda Lamadi nchi ni tambarare, na majira hayo mashamba ya pamba yamekwisha kuchumwa, yamebaki mabua makavu na makundi ya ng'ombe. Jua lilipochomoza lilikuwa nyuma yetu upande wa kulia, kule iliko mbuga ya Serengeti, nasi tukaona ziwa mbele yetu kama bati jipya. Watoto wadogo walikuwa hawajaliona Ziwa Viktoria kamwe, wakadhani ni anga limeanguka.

Lamadi tukapata basi la kwenda Mwanza. Njia hii hufuata Ghuba ya Speke, nayo yapita Nassa, ambapo yafaa msafiri Mkristo atoe kofia. Huko Wamisionari Waingereza wa CMS walifanya kituo katika karne ya 19, na mwaka 1909 kituo hicho kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Hao si wa kanisa letu. Lakini jamaa wengi wa Simiyu walisikia Injili kwanza kwa njia yao, na kumshukuru jirani hakumpunguzii mtu kitu. Mbele yake tukauvuka mto Simiyu, ambao mkoa wetu umepewa jina lake, ukiwa karibu kumwagika ziwani. Katekista akawaonyesha watoto, akasema, "Tazameni, maji ya kwetu yametutangulia." Tukapita Magu, na jua likiwa limepanda tukashuka Kisesa. Kutoka hapo hata Bujora ni mwendo mfupi, lakini kwa ajili ya Mama tulikodi gari.

Bujora ni mahali pa mawe makubwa na miti, na upepo wa ziwa wafika. Mzee mmoja mwenye kuongoza wageni alitutokea. Alipomwona Mama, hakutusalimu sisi kwanza, bali aliinama mbele yake, akasema, "Mwadila, mayu," kama desturi ya Wasukuma wakutanapo na mama mchana. Mama akaitika, na uso wake ukafunguka. Tangu hapo yule mzee alimwongoza yeye, na sisi tukawa wafuasi tu.

Kwanza alituonyesha nyumba ya kienyeji ya Wasukuma, na vyombo vya mhunzi, na vitu vya vyama vya ngoma za kucheza. Vyama hivyo, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19, na mpaka leo hushindana huko Kisesa wakati wa sikukuu ya Ekaristi, katika tamasha liitwalo Bulabo. Tena alitueleza ya kuwa zamani kila rika lilikuwa na namna yake ya kuhesabu moja hata kumi, ili watu wa rika moja wapate kutambuana. Mama akahesabu kwa namna ya rika lake, na yule mzee akamjibu kwa namna yake, nao wakacheka kama watoto wa shule. Kwenye nyumba ya mganga katekista alisimama nje kwa muda. Kisha nikamwona akiingia pamoja na watoto, nikamsikia akiwafafanulia: hizi ni dawa za mizizi, nazo nyingine zilitibu kweli; na haya ni mambo ya hofu, ambayo babu zenu walifanya kwa kukosa tumaini jingine. Nikaona ya kuwa somo lile halikuweza kufundishwa vizuri kama hivyo katika darasa tupu.

Ndipo tulipofika kwenye jengo la watemi. Wasomaji, jengo hili limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Asimamaye mbele yake aona kiti kikubwa cha kukaliwa na jitu. Ndani yake zimewekwa ngoma za utawala, kubwa na ndogo, zilizokusanywa katika nchi za watemi, na ngozi zake zimekuwa nyeusi kwa moshi na kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. Hizi si vitu vya kutazamwa tu. Ngoma za Bujora hupigwa hata sasa katika sikukuu za Kanisa na wageni wakubwa wajapo.

Mama alisimama mbele ya ngoma moja kubwa. Sikuweza kujua kama ilikuwa ya nchi yetu, wala hakuuliza. Alimwuliza yule mzee jambo moja tu, kama aweza kuipiga. Mzee akaipiga kwa mapigo ya haraka kidogo, kama wageni wapendavyo. Mama akainua mkono.

"Polepole zaidi," akasema. "Baba alipiga polepole."

Yule mzee akamtazama, kisha akapiga tena, polepole, pigo moja moja. Sauti ile iliingia kifuani. Mama hakulia. Alisimama akiwa ameegemea bega la binti yangu, macho yake yakiwa juu ya ngoma tangu mwanzo hata mwisho, wala hakugeuza uso. Ilipokwisha alimshukuru, akatwambia, "Sasa nimekwisha. Twende kwa Bwana."

Nilidhani asema habari ya kurudi nyumbani. Lakini alikuwa amekwisha kuliona kanisa.

Kanisa la Bujora lilijengwa mwaka 1958, nalo ni la mviringo kama nyumba za kwetu za zamani. Si kanisa kuu. Ni kanisa la parokia tu. Ila waliolijenga walifanya jambo ambalo sijaliona penginepo. Altare imefanywa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Tabernakulo, inamokaa Sakramenti Takatifu, imefanywa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na mlangoni iko ngao na mikuki iliyopishana, kama ilivyokuwa desturi penye makao ya mkuu wa nchi. Msukuma aingiaye humo hahitaji kuelezwa nani aliye mwenye nyumba hii, wala nani apaswaye heshima. Amekwisha kuelezwa kwa alama alizozijua babu yake.

Katekista alipiga magoti, akakaa hivyo muda mrefu kuliko sisi sote. Mama aliketi katika benchi la nyuma, kwa sababu ya magoti yake. Nikaketi karibu naye. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wamekichukua kiti chetu, wakakiweka hapa. Baba angekitambua." Kisha akanyamaza, nami nikaona midomo yake yaenda, nikajua ya kuwa amwombea.

Tulirudi jioni ile ile, watoto wamelala mapajani, na saa tatu ya usiku tulikuwa nyumbani. Njiani mwanangu wa kiume aliniuliza, "Baba, sasa tulikwenda ikulu au tulikwenda kanisani?" Sikuwa na jibu la haraka. Katekista ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, tulikwenda kumsindikiza bibi yako mahali alipochelewa kufika."

Sasa, kwa jamaa watakao kufanya safari kama hii, natoa mashauri machache. Neno la kwanza: ondokeni alfajiri, kwa maana anayetoka Bariadi saa tatu ya asubuhi hurudi usiku wa manane. Neno la pili: aendaye Bujora asiende kama mtalii wa haraka. Akodi mwenyeji wa kumwongoza, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na aingiapo kanisani akumbuke ya kuwa ni mahali pa sala, wala si sehemu ya maonyesho. Neno la tatu: aendaye Ngokolo kwenye kanisa kuu, achague siku ya ibada kubwa, kwa maana kiti kitupu hakisemi sana, mwenye kiti akiwapo ndipo mtoto afahamu. Neno la nne, nalo ni kwa walimu wenzangu: msiogope kuwaonyesha watoto mambo ya mababu, ila msiwapeleke bila mtu wa kuwaeleza. Kitu kisichoelezwa huwa ama sanamu ama mchezo, na yote mawili ni hasara.

Lakini shauri kubwa kuliko yote ni hili. Mkikaa kuchagua safari ya siku moja, msiulizane kwanza ni wapi pana fahari zaidi, wala ni wapi watoto watafurahi zaidi. Mwulizeni aliye mzee kuliko wote nyumbani, "Je, ni wapi hukufika?" Huenda akataja kanisa kuu ambalo alichangia mayai na kuku ili lijengwe, wala hakupata kuliona. Huenda akataja kaburi, au mto, au ngoma. Watoto wana miaka ya kwenda kwingine. Yeye ana safari moja.

Mimi nilikuwa karibu kumpeleka mama yangu Ngokolo kwa moyo mwema kabisa, naye angekwenda, angepiga magoti, angerudi na mzigo wake ule ule wa miaka zaidi ya 60, wala nisingejua. Nalo lile neno la katekista, kwamba mtu aonyeshwe nyumba ya Mungu, lilitimia. Ila njia ya kufika kwenye nyumba ile ilipita mbele ya ngoma.

Mama bado yu hai, namshukuru Mungu. Asubuhi hizi akichambua nafaka, husikika akipiga ungo kwa vidole, pigo moja moja, polepole. Mdogo wa wanangu amekwisha kujifunza.

 

Ni mimi, mwalimu wenu wa Bariadi.